Kutoka Pembe ya Ndovu hadi Mfuko wa Rambo

1833–1907: Pembe, gamba na mipira ya biliadi

Wanaosimulia historia ya plastiki iliyojaa leo mitoni na baharini huanzia kwenye viwanda vya Ulaya na Marekani. Mimi naona ni haki ianzie Unguja, kwenye mizani ya pembe.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na miaka minne baadaye konseli wa kwanza wa Marekani alifungua ofisi Unguja. Meli za Salem, Massachusetts, zilishusha majora ya merikani na kupakia ngozi, sandarusi na pembe. Pembe ya upande wetu ilipendwa kwa ulaini wake: inakubali msumeno bila kupasuka ovyo. Ikifika Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, ilichongwa vitufe vya piano. Nyingine ilikwenda kwa wachonga mipira ya biliadi. Kila muongo misafara ililazimika kwenda mbali zaidi, Tabora, Ujiji, hatimaye Manyema kwa akina Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe, kwa sababu ndovu wa karibu na pwani walikuwa wamekwisha. Mzigo ulirudi pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa.

Wafanyabiashara wa biliadi waliona dalili za kukosa mali. Mwaka 1863 kampuni moja ya New York, Phelan & Collender, ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayetengeneza mbadala wa pembe. Aliyelivalia njuga jambo hilo ni mpiga chapa kijana wa Albany, John Wesley Hyatt. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alichanganya nyuzi za pamba zilizopitishwa kwenye tindikali na kafuri, akapata kitu kilichoweza kufinyangwa kikiwa cha moto na kukauka kikawa kigumu. Akakiita seluloidi.

Kama mpira wa biliadi, seluloidi haikufua dafu. Ilitamba kwenye vitana. Kitana cha mwanamke mwenye uwezo wakati huo kilichongwa kwa gamba la ng'amba, biashara ambayo kwetu ni kongwe kuliko Uislamu. Periplus, kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kinataja pembe na gamba la kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari iliyokuwa mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania ya leo. Seluloidi iliweza kuigiza gamba hilo, madoa yake ya kahawia na ya manjano yakiwemo, kwa bei ambayo mshonaji wa kawaida angeimudu. Wauzaji wake walijinadi kuwa wanamwokoa ndovu na kasa. Hawakuwa waongo. Hilo ni la kukumbuka tunapoilaani plastiki: iliingia duniani kama jibu la uhaba.

Mwaka 1907, mkemia Mbelgiji aliyehamia Marekani, Leo Baekeland, alitengeneza plastiki ya kwanza isiyotokana kabisa na mmea wala mnyama. Bakelaiti yake ikaingia kwenye simu, redio na swichi za umeme. Ilikuwa ngumu na ghali kidogo, na hakuna aliyefikiria kuitupa.

1933–1955: Nta ya Northwich

Plastiki iliyoziba mifereji yetu ni nyingine. Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakibana gesi ya ethilini kwa mgandamizo mkubwa mno. Jaribio lilishindwa kutoa walichokitaka. Ndani ya chombo wakakuta kitu cheupe mfano wa nta. Zaidi ya miaka miwili ilipita kabla wenzao hawajajua namna ya kukipata tena bila mtambo kulipuka. Kiwanda cha kwanza cha polithini kilianza kazi Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland.

Vita viliifanya polithini kuwa siri ya serikali. Ni nyepesi na haipitishi umeme, kwa hiyo ilivishwa nyaya za rada, na rada ikaweza kufungwa ndani ya ndege. Vita vilipokwisha viwanda vilibaki vikiwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha na mteja mmoja mkubwa aliyekwisha kuondoka. Ikabidi atafutwe mteja mwingine, naye akapatikana jikoni.

Mwaka 1950 dunia nzima ilizalisha tani kama milioni 2 za plastiki.

1953–1973: Watu wanafundishwa kutupa

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, historia ilipopinda. Kwa miaka zaidi ya themanini ya mwanzo plastiki ilikuwa kitu cha kuweka. Watu waliopitia vita na ufukara wa miaka ya 1930 waliosha mifuko wakaianika, wakatunza vikopo. Kwa mwenye kiwanda tabia hiyo ni msiba: mtu akitunza kikombe miaka kumi, utamuuzia nini kesho? Mwaka 1956 Lloyd Stouffer, mhariri wa jarida la biashara ya vifungashio, aliwaambia wenye viwanda waziwazi kwamba mustakabali wa plastiki uko kwenye pipa la taka. Mwaka mmoja kabla, gazeti la Life lilikuwa limechapisha picha ya baba, mama na mtoto wakirusha hewani sahani, vikombe na vitambaa vya kutumia mara moja, nyuso zimejaa furaha. Maelezo ya picha yalisifu muda ambao mama angeokoa kwa kutoosha vyombo.

Upinzani ulikuwa umekwisha kuanza, na ulitoka kwa wafugaji. Katika jimbo la Vermont chupa za bia zisizorudishwa zilitupwa mashambani, vigae vikaingia kwenye nyasi za ng'ombe. Mwaka 1953 jimbo likapiga marufuku chupa hizo. Mwaka huohuo makampuni ya makopo na chupa yaliunda shirika la Keep America Beautiful, lililohimiza usafi. Kampeni zake zilimnyooshea kidole mtu mmoja, yule anayetupa ovyo. Sheria ya Vermont iliachwa ikafa mwaka 1957. Mwaka 1971 shirika hilo lilitoa tangazo la televisheni lililopata umaarufu mkubwa, la mzee wa Kihindi Mwekundu akitokwa na chozi kwa kuona taka. Mwigizaji wake alikuwa na asili ya Italia. Aliyezitengeneza taka hizo hakutajwa.

Tangu wakati huo mashtaka yote ya plastiki yamekuwa na mshtakiwa mmoja, mtupaji. Hata leo kampeni nyingi za usafi wa fukwe, zikiwemo za kwetu zenye fulana na kofia za wafadhili, zinasema maneno yaleyale.

Viungo viwili vilikuwa vimebaki. Mwaka 1965 mhandisi Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast, Sweden, alipata hataza ya mfuko wa polithini wenye mikono, kipande kimoja kisicho na mshono. Mwanawe amewahi kusimulia kwamba baba yake alidhani anaokoa miti inayokatwa kwa mifuko ya karatasi, na kwamba mzee mwenyewe alitembea na mfuko mmoja ameukunja mfukoni ili autumie tena. Mwaka 1973 Nathaniel Wyeth wa DuPont akapata hataza ya chupa ya plastiki inayostahimili gesi ya soda.

1957–2004: Dalili kwenye nyavu

Tangu 1931 meli za kawaida za biashara kaskazini mwa Atlantiki zimekuwa zikikokota kifaa kidogo cha kunasa viumbe wadogo wa baharini. Kila kifaa kilipokwama, fundi aliandika sababu kwenye daftari. Watafiti walipozifungua daftari hizo miongo kadhaa baadaye, walikuta kwamba mwaka 1957 karibu na Iceland kifaa kilinaswa na kamba ya plastiki ya wavuvi. Mwaka 1965, pwani ya Ireland, kilichokinasa ni mfuko. Ndio mwaka uleule wa hataza ya Thulin.

Mwaka 1972 Edward Carpenter na mwenzake waliandika katika jarida la Science kwamba nyavu zao zimeokota vipande vya plastiki juu ya Bahari ya Sargasso, mbali na nchi kavu yoyote. Walionya kwamba vitaongezeka. Wachache walijali. Mwaka 1997 nahodha Charles Moore, akirudi California kutoka Hawaii, alipitia eneo la Pasifiki ambalo mabaharia hulikwepa kwa kukosa upepo, akaona plastiki siku baada ya siku. Magazeti yakazua "kisiwa cha taka". Hakuna kisiwa pale, hutaweza kusimama juu yake. Sehemu kubwa ni vipande vidogo vilivyotawanyika kama pilipili manga kwenye mchuzi, na ndiyo maana havizoleki.

Mwaka 2004 Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, alionyesha kuwa plastiki haiozi bali hukatikakatika hadi chembe zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo alizikuta kwenye mchanga wa fukwe na kwenye sampuli zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1960. Miaka kumi na mbili baadaye ulichapishwa utafiti wa watu walionunua sangara na sato soko la Mwanza wakawapasua matumbo. Karibu samaki mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki.

1970–2005: Kikapu, kreti na rambo

Kwetu mambo yalichelewa, na waliokula chumvi nyingi wanakumbuka utaratibu wa zamani vizuri. Ulikwenda sokoni na kikapu cha ukili. Nyama ilifungwa kwenye gazeti au jani la mgomba, sukari kwenye karatasi ya kaki, na mafuta ya kula ulipimiwa kwenye chupa uliyotoka nayo nyumbani. Soda ulikunywa umesimama palepale dukani. Ukitaka kuondoka nayo, ulimwachia muuza duka dhamana ya chupa au ulikuja na chupa tupu. Mtoto aliyetumwa soda ya mgeni bila chupa alirudishwa kuifuata. Kreti za chupa tupu zilipangwa nje zikisubiri gari la kiwanda. Hakuna aliyeyaita hayo uhifadhi wa mazingira. Chupa ilikuwa ya kiwanda na kiwanda kiliitaka.

Ufa uliingia kwa mlango wa bei. Mifuko laini ilipoanza kujaa madukani miaka ya 1980 na 1990, ilitolewa bure, na kitu cha bure hakitunzwi. Tanzania ikaitwa rambo, Kenya juala, Uganda kaveera. Muuza duka asiyetaka chupa yake iondoke alikumiminia soda kwenye mfuko wa nailoni akaufunga na mrija ndani yake. Vituo vya mabasi vikajaa maji ya kandoro, pombe ikaingia kwenye viroba, kisha soda na maji kwenye chupa za plastiki, zile za "take away". Gari la kiwanda likaendelea kuleta mzigo, ila halikuwa tena na cha kurudi nacho.

Miji nayo ilikuwa inakua kuliko magari ya taka. Nairobi na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya wakazi waliishi mitaa ambayo gari la manispaa halifiki, na mtaro ulio karibu ndio uliofanya kazi hiyo. Mfuko laini una hila yake: haujai haraka, hupepea, hunasa kwenye michongoma, na mvua ikinyesha hulala juu ya chujio la kalavati kama kifuniko. Ng'ombe waliochunga majalalani walichinjwa wakakutwa na mifuko tumboni. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, alisema wazi kwamba mifuko hii inatuamisha maji na kuzaa mbu wa malaria.

2002–2019: Marufuku

Nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko laini haikuwa ya Ulaya. Ilikuwa Bangladesh, mwaka 2002, baada ya mafuriko ya 1988 na 1998 ambapo mifuko iliyoziba mifereji ililaumiwa kuyazidisha. Zanzibar ilifuata katikati ya muongo huo. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2008 na kuisimamia kwa mkono wa chuma: abiria anayeshuka Kigali huvuliwa mfuko uwanjani. Uganda ilitangaza marufuku mwaka 2009, na kaveera ikaendelea kuuzwa kama kawaida.

Kenya ilijaribu mwaka 2007, ikajaribu tena 2011, mara zote kwa kupima unene wa mfuko, na mara zote wenye viwanda wakashinda. Mara ya tatu haikupima unene. Tangazo lilitoka Februari 2017, likaanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huo: faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka minne. Vyombo vya habari vya dunia viliiita sheria kali kuliko zote. Nairobi ilionekana tofauti ndani ya miezi, michongoma ikabaki na majani yake, ingawa mifuko ya magendo iliendelea kupenya mipakani.

Tanzania Bara, baada ya kufuta viroba Machi 2017, ilifikia mifuko tarehe 1 Juni 2019. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ametangaza bungeni mwezi Aprili. Aliyekutwa ameshika mfuko alikabiliwa na faini kati ya shilingi 30,000 na 200,000. Wiki za mwisho za Mei wenye maduka walikuwa wakiigawa rambo kama sadaka ili isiwakute. Ikaja "mifuko mbadala", ile inayofanana na kitambaa. Mingi ni polipropilini, yaani plastiki vilevile, ila ya aina nyingine, lakini ina bei, na mtu huikunja akaiweka nyuma ya mlango. Mwanya ulibaki kwenye vifungashio, vile vimifuko vyeupe vya karanga na ubuyu, vilivyogeuka kuwa vibebeo mpaka serikali ikalazimika kuvikemea navyo.

Mimi ni miongoni mwa wanaosema marufuku hizi zimefanya kazi. Lakini tuulize kwa nini mfuko ulifungwa na chupa ikaachwa. Mfuko laini ulitengenezwa na viwanda vya kati vyenye sauti ndogo kuliko ya wenye chupa, au uliingizwa na wachuuzi wa mipakani. Chupa ina wenyewe, walipa kodi wakubwa na wadhamini wa ligi za mpira.

2015–2021: Kuhesabu mito

Mwaka 2015 Jenna Jambeck na wenzake walikadiria kuwa tani kati ya milioni 4.8 na 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi kavu kwa mwaka mmoja tu, 2010. Miaka miwili baadaye hesabu nyingine ilionyesha kuwa binadamu ameshazalisha tani bilioni 8.3 tangu 1950, na kwamba katika zilizogeuka taka ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa.

Mwaka huo wa 2017 ulizuka pia utafiti uliosema mito kumi ndiyo inayobeba karibu mzigo wote wa mitoni: minane ya Asia, na ya Afrika ni Nile na Niger. Habari ile ilienea kwa sababu ilikuwa rahisi na ilimweka mkosaji mbali na msomaji. Mwaka 2021 Lourens Meijer na wenzake waliirekebisha. Walikuta kwamba asilimia 80 ya mzigo huletwa na mito zaidi ya 1,000, na mingi ni midogo inayopita katikati ya miji ya pwani. Mto mkubwa hutapanya taka njiani, kwenye mabwawa na vinamasi. Mto mfupi wa mjini hauna pa kuzimwaga.

Anayeufahamu Mto Msimbazi hakuhitaji kompyuta kujua hilo. Unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza Dar es Salaam, unalala Jangwani na kuingia baharini penye Daraja la Salenda. Kiangazi unaweza kuudharau. Mvua za masika zikikaza huteremsha kwa siku moja kilichotupwa miezi mitatu. Kenya mzigo una safari ndefu zaidi: Mto Nairobi humwaga kwenye Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki huingia baharini kaskazini ya Malindi.

Ila si kila kinachokwama pwani yetu ni chetu. Uchunguzi wa chupa kwenye fukwe za Kenya ulionyesha kuwa za karibu na miji zina nembo za humuhumu, na kwenye fukwe za mbali nyingi zimeelea kutoka Indonesia. Kwenye kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, ambako hakuna mji wowote, mwaka 2019 wafanyakazi wa kujitolea walizoa tani 25 kwa wiki tano: nyavu, kamba, kandambili. Ilikadiriwa kuwa zimebaki zaidi ya tani 500, nyingi zikiwa zana za wavuvi wa meli kubwa.

Watamu, Kenya, wapo watu wanaotibu kasa. Mgonjwa wa plastiki hutambulika mapema: hawezi kupiga mbizi. Plastiki ikiziba utumbo, gesi hujaa, mnyama huelea juu ya maji mgongo ukiwaka jua. Ndani ya beseni la matibabu hupiga makasia na kubaki palepale. Ng'amba, ambaye seluloidi ilidai kumwokoa, naye huletwa hapo.

2022–2025: Gigiri hadi Geneva

Tarehe 2 Machi 2022, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, mataifa 175 yalikubali kuandaa mkataba wenye nguvu ya kisheria dhidi ya uchafuzi wa plastiki. Msingi wa azimio ulitokana na rasimu ya Rwanda na Peru. Nje ya ukumbi lilisimamishwa sanamu la bomba kubwa likimwaga taka zilizookotwa Kibera. Ujumbe wake haukuhitaji mkalimani: maji yakifurika nyumbani, mwenye akili hukimbilia kufunga bomba kabla ya kushika dekio.

Hapohapo ndipo pamekwama. Vikao vilizunguka Punta del Este, Paris, Nairobi, Ottawa na Busan. Kundi linaloongozwa na Rwanda na Norway lilitaka kikomo cha uzalishaji. Nchi zenye mafuta, zikiwemo Saudi Arabia, Urusi na Iran, zilitaka mkataba wa taka peke yake, kwa sababu plastiki ni mafuta, na magari ya umeme yakizidi hiyo ndiyo njia itakayobaki ya kuyauza. Kikao cha Geneva kilivunjika asubuhi ya tarehe 15 Agosti 2025 bila makubaliano. Uzalishaji wa dunia kwa sasa umepita tani milioni 400 kwa mwaka, mara 200 ya ule wa 1950.

Wakati wajumbe wanabishana, Kenya ilikuwa imeshapitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka anayeingiza bidhaa sokoni awajibike kwa kifungashio chake hata baada ya kuuzwa. Kwenye mitaa ya Dar es Salaam kazi hiyo bado inafanywa na waokota makopo. Wao hulipwa kwa kilo, kwa hiyo huchukua chupa na kuacha vifungashio, mirija na vifuko vya shampuu, ambavyo hakuna anayevinunua na ambavyo masika ijayo itavikuta mtaroni.